Kuvu ya Mkate na Mnyororo Uliokatika

Kuvu, au fangasi kama wengi wanavyoziita, hufahamika zaidi kwa madhara yake. Huozesha mkate na nafaka ghalani, huleta mba na choa katika ngozi, na huwadhuru vikali wagonjwa ambao kinga ya miili yao imedhoofika. Ni wachache wanaojua kwamba kuvu moja ya rangi ya machungwa, iliyowahi kuwasumbua waoka mikate wa Ufaransa, ndiyo iliyowasaidia matabibu kuelewa kwa nini mtoto aliyezaliwa na afya njema aweza kupoteza fahamu siku chache baada ya kuanza kunyonya, na kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja waweza kupatwa na ugonjwa uleule ilhali wazazi wao hawajapata kuugua.

Somo lenyewe lahusu asidi amino, jinsi jeni zinavyosimamia utengenezaji wake, na yale yanayotokea hatua moja ya utengenezaji huo inapokosekana. Si somo la maabara peke yake. Lina jambo la kumwambia muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na lina jambo la kumwambia mzazi.

Shanga za protini

Protini zote mwilini, ziwe za misuli, za damu au za nywele, zimejengwa kwa asidi amino zilizoungwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Aina za shanga hizo zinazotumika kwa kawaida ni 20. Mwili wa binadamu unaweza kujitengenezea baadhi yake, lakini 9 hauwezi: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Hizi sharti zitoke katika chakula. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani; maharage yana lisini kwa wingi lakini methionini yake ni haba. Anayekula makande, au ugali kwa maharage, hujaza pengo la chakula kimoja kwa ziada ya kingine.

Kuvu nyingi hazina shida hiyo. Zikipewa sukari, chumvichumvi chache na chanzo cha naitrojeni, hujitengenezea asidi amino zote 20. Kwa kipimo hiki kuvu ni fundi hodari kuliko binadamu. Hata hivyo hakuna asidi amino inayotengenezwa kwa mkupuo. Kila moja hupitia hatua kadhaa, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini maalumu inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine.

Mfano wa watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani hadi nyumbani utasaidia. Kila mtu hupokea ndoo kutoka kwa aliye nyuma yake na kumkabidhi aliye mbele. Mmoja akiondoka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: ndoo hurundikana nyuma ya pengo, na nyumbani maji hukosekana. Karibu kila ugonjwa utakaotajwa katika makala haya una sura hizo mbili, mrundikano na upungufu.

Jaribio la Stanford

Kuvu iliyotumika katika jaribio hilo huitwa Neurospora crassa. Iliandikwa habari zake mwaka 1843, baada ya kuvamia viwanda vya mikate nchini Ufaransa. Spora zake, ambazo ndizo mbegu zake, hustahimili joto kali na hata kuamshwa nalo, na ndiyo sababu huota juu ya mimea iliyoungua. Kwa wanasayansi ilikuwa na sifa mbili za thamani. Kwanza, hukua haraka katika chupa yenye sukari, chumvichumvi na vitamini moja tu, bayotini. Pili, kwa sehemu kubwa ya maisha yake kila jeni huwa na nakala moja pekee. Binadamu hubeba nakala mbili za jeni zake nyingi, hivyo nakala moja ikiharibika nyingine huweza kuifichia aibu. Kuvu hii haina wa kuifichia. Jeni ikiharibika, kasoro huonekana papo hapo.

George Beadle na Edward Tatum, wa Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California, Marekani, waliitumia sifa hiyo. Waliipiga kuvu kwa mionzi ya eksirei ili kuziharibu jeni zake ovyo, kisha wakazikuza spora zake mojamoja katika chakula kilichosheheni kila kirutubishi. Baadaye walihamisha kipande cha kila kuvu hadi chakula duni. Kuvu nzima iliendelea kukua. Iliyodumaa ilikuwa imepoteza uwezo wa kujitengenezea kitu fulani, nao walikitafuta kitu hicho kwa kuongeza kirutubishi kimoja baada ya kingine hadi ikafufuka.

Kazi hiyo ilihitaji subira. Kuvu ya kwanza yenye kasoro waliyoielewa ilitoka katika spora iliyopewa namba 299, nayo ilishindwa kutengeneza vitamini B6. Walipoioanisha na kuvu nzima, mbegu 8 za kila kifuko ziligawanyika sawasawa: 4 zilirithi kasoro na 4 hazikuirithi. Mgawanyo huo ulionesha kwamba jeni moja tu ndiyo iliyoharibika, na kwamba kuharibika kwake kulizuia hatua moja tu ya kemia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941. Kasoro za mwanzo zilihusu vitamini. Punde zikafuata za asidi amino. Fikra iliyozaliwa hapo ilikuja kujulikana kama jeni moja, kimeng'enya kimoja, na mwaka 1958 Beadle na Tatum walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Joshua Lederberg.

Kauli hiyo imerekebishwa tangu wakati huo. Si kila jeni huagiza kimeng'enya, na vimeng'enya vingine hujengwa kwa maagizo ya jeni zaidi ya moja. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionesha kwamba himoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja: mahali pa asidi glutamiki pamekaliwa na valini. Himoglobini si kimeng'enya, lakini kanuni ni ileile. Herufi moja ikikosewa katika jeni, shanga moja hubadilika katika protini, na mgonjwa hubeba matokeo yake maisha yote.

Kutambua mahali palipokatika

Mwaka 1944 Adrian Srb na Norman Horowitz, waliofanya kazi na Beadle, walichapisha utafiti juu ya kuvu zilizoshindwa kutengeneza asidi amino iitwayo arjinini. Kwa nje zote zilionekana sawa: zilidumaa katika chakula duni, na zikakua zilipopewa arjinini. Lakini zilipopewa vitu vinavyotangulia arjinini katika mnyororo, ziligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikua kwa kupewa ornithini, sitrulini au arjinini, yoyote kati ya hizo. Kundi la pili lilikataa ornithini, likakubali sitrulini na arjinini. Kundi la tatu halikukubali chochote ila arjinini yenyewe.

Maelezo yake ni rahisi kwa anayekumbuka ndoo za maji. Mnyororo huanzia kwenye ornithini, hupita kwenye sitrulini, huishia kwenye arjinini. Kuvu ambayo mnyororo wake umekatika mwanzoni husaidika na chochote kilicho mbele ya pengo. Iliyokatika mwishoni haisaidiki na ornithini wala sitrulini, kwa kuwa vyote viwili vimo nyuma ya pengo, na kuviongeza ni kurundika ndoo pasipo na wa kuzipokea. Kwa hiyo kuvu tatu zenye njaa moja zilikuwa na kasoro tatu. Jambo hili ndilo kiini cha matibabu ya maradhi ya kurithi ya umetaboli: haitoshi kujua kwamba mnyororo umekatika, sharti ijulikane umekatika wapi.

Srb na Horowitz hawakuzitumia ornithini na sitrulini kwa kubahatisha. Mwaka 1932, nchini Ujerumani, Hans Krebs na Kurt Henseleit walikuwa wamegundua kwamba ini la wanyama hutumia vitu hivyohivyo kugeuza amonia kuwa urea. Kuvu ya mkate na ini la binadamu vilikutwa vikishiriki njia moja ya kale.

Mnyororo huohuo katika ini la mtoto

Mwili unapovunja protini, hutoa amonia, nayo ni sumu kwa ubongo. Ini huibeba amonia hiyo kwa ornithini na kupata sitrulini. Sitrulini hugeuzwa kuwa arjininosaksinati. Hiyo hugeuzwa kuwa arjinini. Na arjinini hukatwa ili kutoa urea, ambayo hutoka kwa mkojo, na ornithini, ambayo hurudi kuanza safari upya. Kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kimojawapo cha mzunguko huu. Tumboni kondo la mama huwasaidia kuondoa amonia. Baada ya kuzaliwa hubaki na ini lao wenyewe.

Katika umbo kali la ugonjwa, mtoto huzaliwa na uzito wa kawaida, hulia na kunyonya vizuri. Baada ya siku moja, mbili au tatu, amonia inapokusanyika, huanza kukataa ziwa, kutapika, kulegea na kusinzia kupita kiasi. Hupumua kwa kasi ingawa mapafu yake ni safi. Baadaye hupata degedege na kupoteza fahamu. Dalili hizi hufanana mno na za maambukizi katika damu, na kwa kuwa maambukizi ni ya kawaida zaidi, mtoto hupewa viuavijasumu peke yake na chanzo halisi hakitafutwi. Akifariki, sababu inayoandikwa huweza kuwa maambukizi. Mimba inayofuata huanza bila yeyote kuonywa.

Aina inayotokea mara nyingi zaidi ni ile ya kukosa kimeng'enya kinachogeuza ornithini kuwa sitrulini. Jeni yake imo katika kromosomu ya X. Mtoto wa kiume ana kromosomu ya X moja tu, hivyo kwa jeni hiyo yeye ni kama Neurospora: hana nakala ya pili ya kumfichia. Ndiyo sababu wavulana huugua vikali zaidi, ingawa wasichana na wanawake wenye nakala moja mbovu nao huweza kuugua, wakati mwingine kwa mara ya kwanza baada ya kujifungua. Aina nyingine nyingi za kasoro za mzunguko wa urea huhitaji nakala mbili mbovu. Baba na mama, kila mmoja akiwa na nakala moja nzima na moja mbovu, huwa wazima kabisa. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto wao kurithi nakala mbili mbovu ni 1 kati ya 4, na hesabu hiyo huanza upya kila mara. Ndoa za jamaa wa karibu huongeza uwezekano huo, kwa kuwa wanandoa wa ukoo mmoja huweza kuwa wamerithi nakala mbovu ileile kutoka kwa babu au bibi mmoja.

Hapa ndipo majaribio ya mwaka 1944 yanapoingia wodini. Mtoto aliyekosa kimeng'enya cha kutengeneza sitrulini hupewa sitrulini au arjinini, kwa kuwa zote mbili zimo mbele ya pengo lake. Aliyekosa cha kuigawa arjininosaksinati hupewa arjinini. Arjinini hiyo humjazia upungufu, na tena humpatia ornithini ya kuendelea kubeba amonia hadi kwenye arjininosaksinati, ambayo figo huweza kuitoa kwa mkojo. Lakini aliyekosa kimeng'enya cha mwisho, cha kuikata arjinini, hapaswi kuongezewa arjinini, kwa maana ndiyo inayorundikana kwake. Watoto watatu wenye amonia iliyozidi hawatibiwi sawa, kama vile kuvu tatu zenye njaa moja zisivyoshibishwa zote kwa ornithini.

Mkojo mweusi na tone la kisiginoni

Fikra ya kwamba kasoro ya kurithi huweza kuzuia hatua moja ya kemia ilikuwa imetangulia Neurospora. Mwaka 1902 tabibu Archibald Garrod wa London aliandika juu ya alkaptonuria, hali ambayo mkojo huwa mweusi ukiachwa wazi, na ambayo huja kuharibu viungo na uti wa mgongo utu uzimani. Aliona kwamba ilitokea miongoni mwa ndugu ambao aghalabu wazazi wao walikuwa binamu, akasema kuwa ni kosa la kuzaliwa nalo katika umetaboli. Wengi hawakuona uzito wa maneno yake. Beadle mwenyewe alikuja kukiri kwamba Garrod alimtangulia. Na kuvu ilirudi tena kutoa msaada: watafiti wa Hispania waliitambua jeni husika kwanza katika kuvu iitwayo Aspergillus nidulans, kisha mwaka 1996 wakaitumia kuipata jeni ya binadamu inayosababisha alkaptonuria.

Fenilketonuria ina historia yenye faraja zaidi. Mwaka 1934 Asbjørn Følling wa Norway alichunguza mkojo wa ndugu wawili wenye ulemavu wa akili, ambao mama yao hakuacha kutafuta sababu. Ugonjwa huu hutokana na kukosa kimeng'enya kinachogeuza fenilalanini kuwa tairosini. Fenilalanini hurundikana na kuudhuru ubongo unaokua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Birmingham, Uingereza, Horst Bickel na wenzake walionesha kwamba chakula chenye fenilalanini kidogo kilimsaidia mtoto mwenye ugonjwa huo. Miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alieneza kipimo cha tone la damu linalochukuliwa kisiginoni na kukaushwa katika karatasi. Kipande cha karatasi hiyo kiliwekwa juu ya bakteria waliozuiwa kukua. Damu ikiwa na fenilalanini nyingi, bakteria walikua kuizunguka. Mbinu yake yashabihiana na ile ya Stanford: kiumbe mdogo hukua au hudumaa, na kwa hilo hutoa jibu. Mtoto anayegunduliwa mapema na kulishwa inavyopasa hukua na akili timamu.

Pale njia zinapoachana

Kufanana kwa kuvu na binadamu kumetoa elimu ya maradhi. Kutofautiana kwao hutoa dawa. Flusitosini, inayotumika pamoja na dawa nyingine dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hugeuzwa kuwa sumu na kimeng'enya kilichomo ndani ya kuvu na kisichokuwamo katika chembe za binadamu.

Lisini ni mahali pengine njia zinapoachana. Kuvu huitengeneza kwa njia ambayo binadamu hana, na watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kuiziba njia hiyo ili kuvu ife na mgonjwa asidhurike. Ugumu wao ni kwamba kuvu iliyokwisha kuingia mwilini huweza kujichukulia lisini ya mgonjwa. Katika njia hiyohiyo hupatikana asidi aminoadipiki, ambayo kuvu za Penicillium huiunga na sisteini na valini ili kutengeneza penisilini. Lisini inapozidi, kuvu hufunga hatua ya mwanzo ya njia hiyo, na penisilini hupungua.

Yanayowapasa wahudumu na wazazi

Mtoto mchanga aliyeanza vizuri kisha akalegea, akatapika na kukataa kunyonya anastahili kutibiwa maambukizi bila kuchelewa. Lakini pamoja na tiba hiyo, apimwe sukari, na amonia ipimwe pale inapowezekana. Damu ya kipimo cha amonia hukaa katika barafu na hufikishwa maabara mara moja, la sivyo majibu hupotosha. Amonia ikiwa juu, protini husitishwa kwa muda mfupi, mtoto hupewa glukosi kwa mshipa ili mwili usivunje protini zake wenyewe, na hospitali yenye mtaalamu wa watoto hujulishwa bila kungoja. Zipo dawa zinazofungua mlango mwingine wa kutolea naitrojeni, na usafishaji wa damu huweza kuhitajika. Kila saa ya kuchelewa ni hasara kwa ubongo.

Swali moja halina gharama nalo lastahili kuulizwa kila kliniki ya wajawazito: je, katika familia hii, upande wa baba na hasa upande wa mama, wapo watoto waliofariki siku za mwanzo bila sababu kueleweka? Jibu la ndiyo liandikwe kwenye kadi ya mama, ili mtoto atakayezaliwa aangaliwe tangu saa ya kwanza.

Mzazi naye ana lake la kujua. Ugonjwa huu hauletwi na maziwa ya mama, wala kijicho cha jirani, wala kosa lililotendwa wakati wa ujauzito. Kila mtu, akiwemo anayesoma makala haya, hubeba nakala chache za jeni zilizokosewa bila kuzijua. Mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Uamuzi wa kupunguza protini hutolewa na daktari baada ya vipimo, na kwa mtoto husika peke yake. Familia iliyofiwa na watoto wachanga zaidi ya mmoja iende kuonana na daktari kabla ya mimba nyingine, na ieleze yote, hata yale yaliyosemwa kwa kunong'ona.